Sukuma wiki kwenye mchanga wa Tanga: yaliyonikuta uani, na namna tunavyoipika

#1 KopoLaMiche (mwenye uzi)

Wakuu, salaam.

Nipo Duga, nyumba ya kupanga. Uani kuna kipande cha ardhi kama hatua kumi na mbili kwa sita, kisima pembeni, na mnazi mmoja ambao mwenye nyumba hataki uguswe. Huu mwaka wa tatu nalima sukuma wiki hapo. Naandika kwa sababu kila nikisema nalima sukuma Tanga najibiwa "sukuma ni ya Lushoto, huku joto". Joto lipo, sikatai. Ila jana nimechuma mboga ya watu saba na mengine nimempa jirani, kwa hiyo tubishane nikiwa nimeshiba.

Mwaka wa kwanza niliumia. Mbegu nilinunua duka moja la pembejeo mjini, pakiti imeandikwa Georgia, picha ya jani kama sikio la tembo. Tarehe ya mwisho ilikuwa imefunikwa na stika ya bei. Nikasia mbegu kama sitini kwenye trei mbili za mayai, zikaota tisa. Nilipobandua stika nikakuta zilikuwa zimepitwa na wakati mwaka mzima. Nikarudi dukani, muuzaji akaniambia, "Ardhi yako ndiyo mbaya, kaka." Ardhi gani? Mboji ya kwenye trei aliniuzia yeye mwenyewe!

Zile tisa zikafika majani manne, nikazihamishia chini na kuzishindilia mbolea ya kuku iliyotoka bandani asubuhi ile ile. Siku ya nne kingo za majani zikageuka kahawia kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Mbolea ya kuku mbichi ina moto, inaunguza mizizi, nami sikujua. Ikabaki miche miwili. Mmoja wakala kuku, wale wale wenye mbolea.

Sasa nilichojifunza. Mchanga wetu haushiki maji wala mbolea. Unamwagilia saa moja asubuhi, saa sita ukichimba kwa kidole ni mkavu. Kwa hiyo nachimba shimo la upana wa ndoo, kina cha futi moja, chini napanga makumbi ya nazi, sehemu ya nyuzi ikitazama juu. Makumbi yananyonya maji na kuyatoa polepole. Juu yake naweka samadi ya ng'ombe ya zamani, ile iliyokwisha harufu na kuwa nyeusi, nimeichanganya nusu kwa nusu na udongo wa juu. Mche unakaa hapo, halafu nazungushia majani makavu unene wa vidole vinne ila yasiguse shina. Mche hadi mche sentimita 45, wenye nafasi waende hata 60.

Jua la saa sita mpaka saa kumi nalikinga kwa makuti juu ya kichanja, makuti machache, mwanga upenye. Hilo ndilo lililobadilisha kila kitu.

Nasia mwishoni mwa mwezi wa tano. Masika yanakuwa yanaishia, kusi inavuma, na miche inakua mwezi wa sita hadi wa tisa kukiwa na ubaridi kidogo. Nikisia Desemba kaskazi ikiwa imeshika, nasia kwa ajili ya wadudu.

Leteni maswali, leteni na ubishi. Na wapishi waje, maana kwangu sukuma ni ya kukaanga tu na nimeambiwa naidhalilisha.

#2 ShambaLaSoni

Hahaha. Mkuu, huku Soni milimani mimi nachomeka mche, naenda zangu kwenye mahindi, nikirudi nakuta mboga. Wewe umejenga nyumba ya makuti kwa ajili ya sukuma wiki. Hongera lakini.

#3 KopoLaMiche

Ndiyo maana mboga zenu zinashuka na lori usiku na kufika sokoni Mgandini zimelala chali. Yangu inatoka shinani hadi sufuriani dakika tano.

#4 ShambaLaSoni

Hapo umenishika. Natania, mkuu. Jambo moja la kweli: hata kwetu atakayekuambia panda miche ya siku ishirini, mkimbie. Subiri wiki nne hadi sita, majani manne mpaka sita, shina nene kama kalamu ya risasi. Na siku tatu za mwisho kitaluni punguza maji ili miche ijizoeze shida.

#5 MtuWaKange

Uzi umekuja wakati wake. Mimi nina miche kumi na minane kwenye viroba vya kilo 25, kila kiroba mmoja. Ilikuwa mizuri. Wiki hii kwenye kingo za majani naona manjano imeingia ndani kwa umbo la pembe tatu, ncha inaelekea kwenye uti wa jani. Nikilishika jani juani naona mishipa myeusi. Nimwagilie zaidi au niweke mbolea ya kukuzia?

#6 BwanaShamba_Zamani

Usiweke kitu. Huo ni uozo mweusi, ugonjwa wa bakteria. Pembe tatu ya manjano ukingoni na mishipa myeusi ndiyo alama yake. Unatembea na mbegu, na ndani ya bustani unarushwa na matone ya maji kutoka jani hadi jani, ndiyo maana masika unachachamaa. Dawa ya kuuponya mche ulioshikwa hakuna. Ng'oa iliyoathirika, choma au ifukie mbali, usitupe kwenye shimo la mboji. Udongo wa viroba hivyo usipande tena sukuma, kabichi, koliflawa wala chainizi kwa miaka miwili au mitatu, hizo zote ni ukoo mmoja. Weka bamia au nyanya chungu.

Iliyobaki mizima mwagilia chini, kwenye udongo, asubuhi. Habari ya kusimama na mpira wa maji kunyeshea majani jioni muiache, wengi wenu mnafanya hivyo na mnaona raha. Na usiingie bustanini kuchuma majani yakiwa na umande, mikono yako ndiyo inayoubeba.

#7 MtuWaKange

Asante sana mzee wangu. Kumi na minane, nimeng'oa saba. Roho imeuma.

#8 Pwani_Mswahilina

Samahani kuingilia. Hivi sukuma wiki na figiri ni kitu kimoja? Sokoni Makorora nimeuliza sukuma nikapewa kitu kingine kabisa.

#9 KopoLaMiche

Si kimoja. Jani la figiri ni laini zaidi na mdomoni lina ukali wa mbali kama haradali. Sukuma jani lake ni nene, lina kama nta juu, tone la maji linateleza kama juu ya sahani. Ukoo ni mmoja, ila sukuma iko karibu zaidi na kabichi; chukulia ni kabichi iliyokataa kufunga kichwa.

Jina lenyewe limevuka mpaka kutoka Kenya: mboga ya kusukumia wiki mpaka mshahara uingie. Wakenya wanaikata nyembamba, inaingia kwenye kitunguu na nyanya, ugali pembeni, kazi imeisha. Nami ndivyo ninavyopika.

#10 Kijogoo_Mwambani

Mkuu, kisima changu ni cha chumvi. Hata kahawa haipikiki kwa maji yake. Sukuma itastahimili?

#11 KopoLaMiche

Changu nacho kina chumvi kiasi, si ya kutisha. Nilichoona ni kwamba maharage yalikufa mapema kuliko sukuma. Sukuma iliendelea, ila majani yakiguswa na yale maji yanaungua ncha. Kwa hiyo namwagilia shinani tu, na kila siku ya tatu nabadilisha na maji ya bomba au ya mvua niliyokinga, namwaga mengi kwa mpigo ili chumvi ishuke chini. Mchanga hapo ndipo unapotufaa, chumvi inapita. Kama yako haiwezekani hata kuoshea mdomo, panda kwenye viroba vichache na utumie maji ya kuoshea mboga na mchele.

#12 Dada_Raskazone

Vidukari! Mbona hamjavitaja? Mimi kila mwezi wa tisa majani yanajikunja, nikifungua ndani wamejazana, wa kijivu, kama wamepakwa unga wa sembe. Nimepiga majivu, wamezoea. Jirani kaniletea dawa ya maji kwenye chupa ya soda, hana hata jina la dawa yenyewe, ananiambia "piga leo, kesho unakula, mimi nafanya hivyo".

#13 BwanaShamba_Zamani

Mwanangu, chupa hiyo usiipige na usiiache mahali mtoto anafika. Dawa isiyo na lebo hujui ni ya nini, ya pamba au ya kupe. Kila dawa ya mboga ina idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, imeandikwa kwenye lebo. Nyingine ni siku tatu, nyingine ni wiki mbili. Na sukuma unachuma kila wiki, utasubiri lini?

Hao vidukari wako wa unga ni wadudu mafuta wa mboga za jamii ya kabichi. Unga ule ni nta, ndiyo maana maji matupu yanateleza juu yao. Chukua lita moja ya maji, kijiko cha chai cha sabuni ya maji, koroga, pulizia chini ya jani ambako wamekaa, jioni jua likishatulia. Sabuni inavunja ile nta. Rudia baada ya siku nne. Jani lililojikunja kabisa kata utupe, humo sabuni haiingii. Kama una mwarobaini, twanga mbegu zake, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, changanya na sabuni hiyo hiyo.

Halafu kuna kiwavi mdogo wa kijani, ukimgusa anajinyonganyonga na kushuka kwa uzi kama mtu wa sarakasi. Huyo ni mtoto wa nondo mgongo wa almasi. Anakula jani na kuacha ngozi nyembamba kama dirisha la nailoni. Kwenye joto letu kizazi kimoja kinakwisha ndani ya wiki mbili tatu, kwa hiyo ukimwacha wikiendi moja umekwisha. Kwa bustani ya nyumbani mkono unatosha: geuza majani kila asubuhi, minya. Wakizidi, ulizia dukani dawa ya bakteria iitwayo Bacillus thuringiensis. Inaua viwavi, watu haiwadhuru.

#14 Dada_Raskazone

Chupa nimemrudishia mwenyewe. Kanuna.

#15 Bi_Makorora

Hodi humu. Mjukuu wangu kanisomea uzi huu, nikamwambia aandike ninayosema.

Wewe kijana wa Duga, umelima vizuri, umechimba, umeweka makumbi, mashaallah. Halafu unaenda kuikaanga kwa mafuta ya chupa kama mtu asiye na mnazi uani kwake! Mnazi umeusema mwenyewe.

#16 KopoLaMiche

Shikamoo bibi. Mnazi si wangu, ni wa mwenye nyumba.

#17 Bi_Makorora

Marahaba. Nazi iliyoanguka ni ya aliyeiokota. Sikiliza.

Chuma majani ya kati. Ya chini kabisa magumu, ya juu yaache yakue. Osha kabla ya kukata, usioshe ukishakata, utamu wote unakwenda na maji. Na maji ya kuoshea tia chumvi, kama kuna kiwavi aibuke mwenyewe. Toa uti. Yapange majani matano sita, yakunje kama unakunja mkeka, kata nyembamba, nyembamba haswa, kisu kiwe kikali. Mimi mama yangu alikuwa akiniangalia mkono, nikikata nene ananiambia unamkatia mbuzi?

Nazi moja kubwa iliyokomaa, ikune kwa mbuzi. Siyo ile ya pakiti. Tui la kwanza kamua kwenye kifumbu kwa maji ya vuguvugu kidogo tu, kama kikombe, liweke pembeni. Tui la pili maji vikombe viwili. Chicha mpe kuku wa huyo kijana, wameshazoea vya uani kwake.

Sufuria jikoni: kitunguu, nyanya mbili, pilipili mbuzi nzima usiipasue, chumvi, tui la pili. Acha lichemke mpaka nyanya ivurugike. Tia uduvi mkono mmoja. Uduvi uwe umeuchambua mchanga na kuukaanga mkavu kidogo, unukie. Ndipo utie mboga. Usifunike! Ukifunika inageuka rangi ya kaki. Ikishalainika, punguza moto, mimina tui zito, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: usiondoke. Koroga kwa upande mmoja, pole pole, mpaka lianze kutokota kwa mbali, epua. Ukiliacha lichemke kwa fujo tui linakatika, unapata mafuta juu na maji chini.

Kula na bada la muhogo. Ugali wa sembe si kosa, lakini bada.

#18 Kijogoo_Mwambani

Bibi umeniua na bada. Saa nne usiku hii.

#19 ShambaLaSoni

Naomba kuuliza kwa heshima, kwa nini usifunike? Mama yangu anafunika miaka yote.

#20 BwanaShamba_Zamani

Mboga za ukoo wa kabichi zikipata moto zinatoa asidi nyepesi, inapanda na mvuke. Ukifunika, mvuke unageuka maji na kurudi sufuriani, asidi inakula ule ukijani. Ndiyo hiyo rangi ya kaki anayosema bi mkubwa. Kwa sababu hiyo hiyo ndimu kamulia kwenye sahani, usiitie sufuriani.

#21 Nesi_Mstaafu

Na tui lina kazi nyingine zaidi ya utamu. Sukuma ina ile rangi ya karoti iliyojificha chini ya kijani, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Tui au mafuta kijiko kimoja yanatosha. Waleeni watoto na mboga ya tui.

Neno la tahadhari, wala si kwa kila mtu. Sukuma ina vitamini K nyingi mno, na hiyo ndiyo inayogandisha damu. Ukiwa na mgonjwa nyumbani anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, labda kwa ajili ya moyo au damu iliyowahi kuganda mguuni, asikatazwe mboga, ila ale kiasi kile kile kila wiki. Kinacholeta matatizo ni kukaa mwezi bila kula halafu bustani ikakubali akala bakuli kila siku. Amwambie daktari wake anakula nini.

#22 KopoLaMiche

Nesi, hili sikulijua, na mzee mmoja hapa mtaani anatumia hiyo dawa na ndiye ninayempa fungu kila Ijumaa. Nitampitia kesho.

#23 MbaliNaNyumbani

Salaam kutoka Atlanta. Mimi wa Chumbageni, nimekuja huku muda. Hiyo Georgia kwenye pakiti yako ya mbegu, mkuu, ndiko niliko. Jimbo lenyewe.

Nilipofika sikujua kama wenyeji wana sukuma wiki. Siku moja kazini dada mmoja Mmarekani Mweusi kafungua bakuli lake la chakula, nikaona kitu, nikanusa, nikasema hii naijua! Wanaiita kolade. Kwa Weusi wa Kusini hicho ni chakula cha heshima, Jumapili, sikukuu. Karolina Kusini, jimbo jirani, mwaka 2011 waliitangaza kuwa mboga rasmi ya jimbo. Sisi ya kusukuma wiki, wao wameipa cheo.

Ila upishi wao ungemtoa machozi Bi Makorora. Wanachemsha saa nzima, wengine zaidi, pamoja na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Yule dada aliponiona nasita akaniambia kwao wanatumia shingo ya bata mzinga ya moshi, nikala kwa amani. Majani yanakuwa laini kama kisamvu, na ile supu inayobaki chini hawaimwagi, wanachovyea mkate wa mahindi. Mtaalamu wa kupika ni anayejua supu. Mmea ulitoka Ulaya na wazungu, lakini huo upishi wa majani mengi kwenye sufuria moja na kunywa mchuzi wake ni wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Nilipolifikiria hilo nikaacha kucheka saa nzima ya kuchemsha.

Siku ya mwaka mpya lazima wale hiyo pamoja na kunde. Majani ni noti, kunde ni sarafu. Nimekula miaka yote, noti bado nazisubiri.

#24 Bi_Makorora

Saa nzima? Wanaipika au wanaiadhibu?

#25 MbaliNaNyumbani

Shikamoo bibi. Jani la huku gumu, linakaa shambani mpaka baridi. Ndiyo nilikuwa nataka kusema: wazee wa huku hawachumi mpaka jalidi ipige. Wanadai ikishapigwa na barafu ndiyo inakuwa tamu, na ni kweli, mmea ukiona baridi kali unageuza wanga wake kuwa sukari ili usigande.

#26 Dada_Raskazone

Kumbe! Ndiyo maana yangu ya Januari ilikuwa chungu mpaka mume wangu akauliza nimetia dawa gani.

#27 KopoLaMiche

Hapo ndipo uchungu wa Tanga unapotoka. Sisi jalidi tutaitoa wapi, labda kwenye friji. Januari na Februari, jua kali, maji yakikosekana siku mbili, jani linakuwa gumu na chungu. Ninachofanya miezi hiyo nachuma mapema, jani likiwa saizi ya kiganja, asubuhi kabla ya jua, na simwachi mche akae na kiu. Yenye uchungu ndiyo ya kutia karanga. Karanga za kutwanga, kikombe kimoja, zinameza uchungu wote. Tui halimezi.

Na kuchuma kwenyewe: kutoka chini kwenda juu, vunja jani kwa kulisukuma chini liachane na shina, usikate katikati ya kikonyo, kile kipande kinaoza. Acha juu majani matano sita. Mimi nilianza kuchuma wiki ya saba tangu kupandikiza, halafu kila baada ya siku saba hadi kumi. Mche ukitunzwa unakwenda miezi mingi, shina linarefuka mpaka unafanana na mpapai mdogo wenye shungi.

#28 Mgeni_Tangamano

Mimi nataka kuuliza kitu rahisi. Mbegu nanunua kila msimu na bei inapanda. Kwa nini tusivune mbegu zetu wenyewe? Yangu ina mwaka na nusu, haijatoa ua hata moja.

#29 KopoLaMiche

Swali zuri, nami limenisumbua. Bwana shamba?

#30 BwanaShamba_Zamani

Haitatoa, au itatoa vijiua viwili vya kukudanganya. Mmea huu ili utoe maua unahitaji kupitia baridi ya wiki kadhaa, ndipo ujue msimu umepita na ni wakati wa kuzaa. Tanga hakuna baridi hiyo. Mmea unajiona mtoto milele, unatoa majani tu. Kwako wewe mla majani ni neema, kwa mtaka mbegu ni hasara.

Lakini kuna njia. Mche mkubwa ukishachumwa sana, ubavuni kunatoka machipukizi, vichwa vidogo. Kikifika urefu wa kidole cha kati, kichomoe kwa kukivuta pembeni kitoke na kisigino chake, punguza majani yabaki mawili madogo, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Wiki mbili hadi tatu kinatoa mizizi. Angalia tu mche unaokatia uwe mzima, usiwe na ile pembe tatu ya manjano, maana utakuwa unapanda ugonjwa.

#31 MtuWaKange

Yaani nisingeng'oa ile saba...

#32 BwanaShamba_Zamani

Ungeng'oa. Nimesema mche mzima.

#33 KopoLaMiche

Wakuu, nimejaribu. Shina langu la zamani kabisa, lile lililonusurika mwaka wa kwanza, lilikuwa na machipukizi manane. Mawili yalikatika nikivuta kwa pupa. Sita nimeyachomeka kwenye makopo ya maziwa ya unga niliyoyatoboa chini kwa msumari, mchanga wa kawaida na samadi kidogo, nimeyaweka nyuma ya kisima kwenye kivuli. Bi Makorora, na nazi imeanguka jana usiku. Mwenye nyumba hakuwepo.

#34 Bi_Makorora

Umeipika?

#35 KopoLaMiche

Nimeipika. Tui limekatika.

#36 Bi_Makorora

Uliondoka.

#37 KopoLaMiche

Niliitwa mlangoni bibi, dakika moja tu! Jirani kaja kuuliza harufu gani. Tumekula hivyo hivyo, watoto wamefuta sufuria. Nasubiri nazi nyingine.

#38 Kijogoo_Mwambani

Kuna mnazi hapa Mwambani hauna mwenye nyumba. Nakuletea mbili Jumamosi, unipe miche.

#39 KopoLaMiche (wiki tatu baadaye)

Nimevuta moja kwa wasiwasi, lina mizizi meupe urefu wa ukucha. Mengine nimeyagusa, yameshika. Manne kati ya sita, moja lilioza na jingine kuku. Mawili ni ya Kijogoo kwa nazi zake, moja ni la MtuWaKange kwa msiba wake wa saba. Njoo na kiroba kipya, ule udongo wa zamani usinisogezee hapa.